Rupia Tatu Zisizo na Tundu

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mapema nitajikuta nalipamba. Nilichukua rupia sita za fedha za marehemu bibi yangu, kila moja ikiwa na tundu, nikazipeleka kwa fundi wa redio kule mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, azibe matundu kwa bati la kulehemia. Nilimlipa kwa furaha. Nilirudi nyumbani, mtaani kwetu Mutanga Sud, nikitembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Ujinga wangu ulikuwa na sababu zake. Katika mji wetu wakati ule, noti iliyochanika muuza nyanya alikurudishia bila hata kukutazama usoni, lakini ukiibandika vizuri kwa kikaratasi chembamba na gundi, ilipita. Nikawaza, kama karatasi inazibwa, fedha je? Nani atanunua pesa yenye tundu? Sikumuuliza mtu. Kuuliza si tabia yangu hata leo, ingawa siku hizi angalau najua kwamba ni kilema.

Ilikuwa miaka ya vita, na katika vita hiyo tulikuwa tumefika mahali ambapo nchi jirani zimetufungia mipaka. Mafuta ya taa, chumvi, dawa, vyote vilifika Bujumbura kwa njia za panya, na vilipofika bei yake ilimfanya mtu acheke kwanza kabla ya kuondoka. Tuliishi mimi na mama yangu, wawili tu, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Mama alikuwa mshonaji.

Nasema alikuwa, kwa sababu macho yalikuwa yakimwacha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa njiani. Alianza kwa kuniomba nimtungie uzi. Kisha akawa anashona mistari iliyonyooka tu, mashuka na mapazia. Kisha jicho la kulia nalo likafunga, cherehani ikafunikwa kitambaa, na yeye akawa anashinda kitandani akisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana mama yangu alikuwa mlalamikaji hodari. Alilalamikia mvua, alilalamikia kiangazi, alilalamikia jinsi ninavyokunja nguo. Alipoacha kulalamika nilijua kwamba amekata tamaa.

Basi hospitali ikapata mgeni, daktari wa macho kutoka nje, aliyekuja kwa wiki tatu tu. Upasuaji wenyewe haukuwa na malipo makubwa. Tatizo lilikuwa lenzi, kile kioo kidogo kinachowekwa ndani ya jicho, pamoja na dawa ya matone. Vitu hivyo mgonjwa alitakiwa ajinunulie. Nilikwenda kuuliza bei duka la dawa mjini, nikarudi nikijifanya nimekuta pamefungwa. Mama hakudanganyika. Akasema nilete lile kopo la chai lililo chini ya nguo zake.

Ndani ya kopo mlikuwa na rupia tisa za wakati wa Wajerumani. Baba wa bibi alikuwa mpagazi wao, akalipwa kwa rupia, na alipokufa zikamwangukia bibi. Wabelgiji walipokuja na pesa zao, rupia hazikuweza tena kununua hata chumvi, lakini nani hutupa fedha? Zilikuwa nyeusi kama sufuria. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme wao mwenye masharubu na kofia ya vita yenye ndege juu, na upande wa pili maandishi ambayo sikuyaelewa. Sita zilikuwa zimetobolewa juu ya kofia ya mfalme, na uso wake ulikuwa umesagika hadi pua ikapotea. Tatu zilikuwa nzima, pua na masharubu mahali pake. Sikujiuliza kwa nini. Niliona tatu nzuri na sita mbovu, nikaamua kuzitengeneza zile mbovu.

Siku mbili baada ya fundi kuziziba, niliingia nazo soko kuu kwa mtu mmoja aliyenunua bangili zilizokatika, vijiko vya zamani na mikufu. Alinikaribisha vizuri. Akachukua rupia moja kati ya zile sita, akaigeuza, akaiacha ianguke juu ya saruji. Fedha nzuri ikianguka hulia, na mlio wake hukaa kidogo hewani. Ile ya kwangu ilifanya pu, kama kifungo cha koti. Akajaribu ya pili. Pu. Hakutaka hata kuzishika zile tatu nzima. Alinisukumia zote tisa, akasema kwa sauti ya kunionea huruma kwamba nimeuziwa bati, na kwamba mtu aliyeghushi sita hawezi kuwa mwaminifu katika tatu. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Hapo ndipo nilipomaliza kujiharibia, kwa sababu nilipofika meza ya jirani yake, jirani alikuwa ameshasikia kila kitu, akatikisa kichwa kabla sijafungua kitambaa. Meza ya tatu ikawa hivyo hivyo. Daktari alikuwa amebakiza siku tisa.

Nyumbani mama akataka kuzishika. Nilidhani anataka tu kitu cha kufanya mikono. Alizipitisha kidole gumba moja moja, taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Hii iko ya kaka mukubwa," akasema. "Hii ya dada yangu, yule wa Rumonge. Hii iko yangu, naijua, nilikuwa naiuma." Akarudi kwa ile ya kwanza, akabonyeza pale palipokuwa na tundu. "Mbona umetuziba?"

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Bibi alipozaa, alitoa rupia moja ya baba yake, akaiweka kando kwa jina la mtoto. Mtoto aliposimama mwenyewe kwa miguu yake, siku ile ile rupia ilitobolewa kwa msumari, ikatiwa uzi, akavishwa shingoni. Aliivaa mpaka alipoanza kuona aibu ya kuivaa. Ule usagikaji niliouita ubovu ulikuwa wa vifua vya watoto, jasho lao, meno yao. Wajomba zangu, mama yangu, dada zake, nilikuwa nimewatia bati shingoni.

Nilishindwa kulala, na asubuhi nilipomaliza kufundisha nilikwenda Cibitoke nikiwa nimejiandaa kugombana. Fundi wa redio alinisikiliza hadi mwisho, akaninyooshea kigoda, akasema kwa upole kwamba alifanya nilichomwomba. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulinikera zaidi. Kisha akaweka chini chuma chake cha kulehemia, akafunga kibanda mchana kweupe, mteja mmoja akiwa bado amesimama na redio yake mkononi, akaniambia nimfuate. Sijui kama alipata tena yule mteja. Mpaka leo namshukuru kwa zile hatua mia moja alizotembea nami.

Alinipeleka kwa jirani yake, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa amekimbia vita ya kwao na kuvuka kuja kwetu, kwenye vita yetu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo, na alikaa nyuma ya pazia la duka la vitenge. Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu ya unga kutoka kwa watu waliovuka nayo kidogo kidogo. Mezani alikuwa na mizani ya kushika mkononi, visahani viwili vidogo vilivyoning'inia kwa nyuzi, na kikopo cha njiti za kiberiti. Kwa njiti hizo alipima dhahabu iliyo kidogo kabisa. Iliyo nyingi aliipima kwa tola, yaani kipande cha chuma ambacho wafanyabiashara wote wa dhahabu wa upande wao walikubaliana uzito wake.

Nilimweleza habari ya sokoni. Hakuangusha rupia yoyote chini. Aliitazama ukingoni, akaisugua kwa ukucha, akaipima, akatabasamu.

"Sauti inakwambia tu kama kitu iko muzima," akasema. "Haikwambie kama iko ya kweli. Hii iko fedha ya kweli, mutoto wangu. Ni ile dawa yako tu ndiyo iliiziba koo."

Akapasha moto sindano nene kwenye makaa, akayeyusha bati kutoka tundu la kwanza, akalikwangua likatoka kama nta. Alipofika la pili nilimwomba nifanye mwenyewe. Ilinichukua zaidi ya saa moja, nikaungua vidole viwili, na muda wote huo alinifundisha bila kujua kwamba anafundisha. Tundu linapunguza fedha na linapunguza bei. Msago wa kuvaliwa unapunguza zaidi kuliko tundu, ila watu hawauoni. Mkwaruzo si kitu. Weusi si kitu, na mtu anayeusugua kwa mchanga anajiibia. Kisha akaniambia wazi kwamba kwa fedha iliyomo, zile sita zingeninunulia kitenge kimoja, tena si kizuri. Nizirudishe nyumbani.

Nikamwekea mezani zile tatu nzima, bila matumaini, kama mtu anayemaliza tu kutoa alichonacho mfukoni.

Alichukua moja akaiweka kwenye kisahani, na kwenye kisahani cha pili akaweka tola yake. Mizani ikasimama sawa. Akatoa tola ile, akaingia ndani, akarudi na tola nyingine iliyofungwa kitambaani. Sawa tena. Akapima ya pili, akapima ya tatu. Akazishika zote mkononi na hakuziweka chini.

"Hizi hazikuvaliwa na mutu hata siku moja," akasema. "Nani alizichunga hivi?"

Ikabidi anieleze polepole. Rupia ya Wajerumani, ikitoka mpya, ina uzito wa tola moja kamili. Wazee wa biashara yao walipimia dhahabu kwa rupia kabla hata ya kuwa na vipande vya chuma. Na sasa katika vita, kila mtu alikuwa na kipande chake cha uongo, kilichokwanguliwa chini au kilichotiwa uzito, na mizani mpya haikuingia nchini. Watu walikuwa wakigombana, wengine hadi kutoleana visu. Rupia haiwezi kukwanguliwa bila uso wa mfalme kuonyesha. Mtu akiona pua na masharubu yapo, anaamini. Rupia nyingi zilizobaki zilikuwa zimesagika kama zile sita zangu, na nzima alikuwa hajaiona tangu avuke. Yeye angechukua moja, na alijua watu wawili ambao wangechukua zile mbili siku hiyo hiyo. Akataja bei. Nikamwomba aitaje tena. Ilitosha lenzi, ilitosha matone, na kitu kingebaki.

Nataka kusema jambo hapa kabla sijaendelea. Mama yule alikuwa mkimbizi, mwenye watoto wa kulisha, na mbele yake alikuwa amekaa mwalimu mwenye kiburi asiyejua anachouza. Angeweza kuzichukua kwa bei ya vijiko na mimi ningemshukuru na kumbusu mikono. Nimekutana na watu waaminifu wengi walipokuwa na nafasi ya kuwa waaminifu bila kupoteza kitu. Yeye alipoteza, palepale, mbele yangu, na hakubadilika hata uso.

Sikuziacha. Nilimwambia nitarudi kesho, kwa sababu kopo lilikuwa la mama. Nilifika nyumbani nikikimbia, kidogo kwa furaha na kidogo kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa imeanza upande wa milimani na watu wote barabarani walikuwa wakikimbia. Nilimwaga habari zote mlangoni, tola, mizani, bei. Mama akanyoosha mkono, nikampa zile tatu.

Nilimuuliza kama hafurahi. Akaniuliza kama najua kwa nini hazina tundu. Nikasema labda bibi alikuwa na rupia nyingi kuliko watoto.

"Apana," akasema. "Watoto walikuwa tisa."

Nilikaa chini. Sita niliwajua, wajomba na dada za mama, na mama mwenyewe. Watatu hawakuwahi kusimama. Mmoja aliishi siku chache, mmoja miezi minne, na wa mwisho alikuwa ameanza kukaa, alikuwa anacheka, mama alimkumbuka kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amempakata. Nyumbani kwao hawakutajwa. Bibi hakulia mbele ya watu, ila mara moja kwa mwaka alitoa rupia zile tatu, akazifuta kwa kanga yake, akazirudisha. Ndiyo maana mfalme alikuwa na pua.

Nilisema haraka kwamba hatuziuzi. Nilisema kwa moyo wote, na wakati huo huo nilikuwa nahesabu siku za daktari, na nilijichukia. Mama alikaa nazo mkononi mpaka milio ya bunduki ikatulia na jirani akawasha redio yake. Kisha akaniuliza kama wale watu wa dhahabu watazitoboa. Nikasema hapana. Akauliza kama wataziyeyusha wafanye pete. Nikasema hapana, zitakaa kwenye mizani, zitapima, hakuna atakayezigusa vibaya kwa sababu zikiharibika hazina faida. Akazifuta moja moja kwa kanga, kama alivyokuwa amemwona mama yake akifanya.

"Basi waende wafanye kazi kidogo," akasema. "Wale hawajafanya kazi hata siku moja."

Akacheka. Nami nikacheka, na tulipomaliza kucheka tulikuwa tumeshikana mikono. Sijui kama kuna neno la shukrani linaloweza kwenda kwa watu ambao hawakuishi hata kuvishwa rupia zao. Nimelitafuta. Nilipozipeleka Cibitoke siku ya pili, nilizibeba ndani ya nguo, kifuani, na niliomba njia nzima kwa ajili ya wajomba au mama zangu wadogo watatu, nikiwaita hivyo, wakubwa zangu wasiojua kutembea.

Mama wa dhahabu alinilipa palepale. Nilipomwambia rupia zile ni za akina nani, aliweka mizani chini. Naye alikuwa na watoto wawili wa namna hiyo, akasema, waliozikwa upande wa pili wa mpaka. Aliniahidi kwamba ile yake haitatoka mkononi mwake akiwa hai. Sikumwomba aape.

Lenzi ilipatikana. Daktari alimpasua mama zikiwa zimebaki siku nne aondoke, jicho la kulia. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi na kopo la chai mapajani lenye rupia sita, kwa sababu mama alikataa kuingia hospitali bila ndugu zake. Muuguzi alipita mara mbili akiniambia nipumzike. Nilimjibu vibaya mara zote mbili, nikamwomba radhi mara moja.

Siku ya pili asubuhi walimfungua bandeji. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa sala, kwa lolote. Kwanza alitazama dirisha. Akatazama mikono ya muuguzi, akasema mshono wa mkono wa koti lake umefumuka na aliyeushona ni mvivu, na niliposikia lalamiko lile nilijua mama yangu amerudi. Kisha akanigeukia. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyotazama dirisha, na tabasamu likamtoka.

"We," akasema, "umekonda hivi tangu lini?"

Kwa miezi yote ambayo hakuona, nilikuwa nikimpakulia ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wote waliopatikana, kisha nikaketi mbele yake na sahani tupu, nikigonga kijiko mara kwa mara ili asikie kwamba nakula. Nilijiona mjanja sana. Hata nilikuwa nikisifu chumvi.

Hakunigombeza pale hospitalini. Alingoja tufike nyumbani. Alikuwa amekatazwa kuinama karibu na moto, kwa hiyo nikapika mimi, lakini kupakua alipakua yeye. Alijaza sahani yangu, akajiwekea yake kidogo, akaketi mbele yangu na jicho lile bado jekundu, akanitazama nikila tonge kwa tonge mpaka sahani ikaisha. Nililia huku natafuna, na yeye hakuniambia ninyamaze.